Funda la Maji na Bunduki ya Bambo Mbewe

Nilipokuwa mtoto wa kushika ncha ya futi, sikuona kazi nyingine duniani iliyokuwa kubwa kuliko hiyo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, tulikofikia kutoka Bukavu, na kila mteja aliyekuja kupimwa, mimi ndiye niliyeshika ncha moja begani huku Baba akivuta nyingine hadi kwenye kifundo cha mkono. Mama alikuwa amefariki kabla hatujaondoka kwetu. Tulibaki watatu: Baba, mimi, na mama yake Baba, ambaye nilimwita Tate kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Baba nilimhesabu kuwa wangu peke yangu. Hata Tate nilimwonea wivu wakikaa wawili na kuzungumza Kishi, lugha ambayo mimi niliishika nusunusu tu.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyomchukia Chikondi.

Chikondi alikuwa binti wa umri wangu, mtoto wa Bambo Mbewe, yaani Bwana Mbewe kwa lugha ya huko, mkulima wa upande wa Nathenje aliyewahi kuendesha malori ya Dar es Salaam na kurudi na Kiswahili cha huko. Siku moja walikuja kambini kushonesha suruali. Katika mazungumzo Baba akamwambia kwamba babu yangu alikuwa na kalibre duze, bunduki ya marisau, na kwamba yeye mwenyewe alikua akiwinda nayo bata na kwale kando ya mto Ruzizi. Bambo Mbewe akachangamka. Polisi walikuwa wamemkubalia kununua bunduki ya namna hiyo, kwa kuwa shambani kwake kulikuwa na ndege kanga wengi, lakini hakujua achague ipi.

"Twende wote Lilongwe, fundi," akasema. "Wewe utaniangalizia."

Baba akachukua futi palepale ampime mkono kama anayemshonea koti, maana bunduki ya ndege, alisema, lazima imkae mtu mwilini. Mimi nilikuwa nimetumwa makaa ya pasi. Niliporudi nilimkuta Chikondi, na soksi zake nyeupe, ameshika ncha ya futi begani kwa baba yake. Ncha yangu! Nilisikia moto kifuani, na makaa yalikuwa bado mkononi.

Siku ya kwenda Lilongwe niliomba mpaka nikachukuliwa. Chikondi alikaa mbele, katikati ya baba yake na baba yangu. Mimi nilikaa nyuma kwenye bodi ya gari na upepo wangu, nikitazama kupitia kioo jinsi Baba alivyokuwa akimchekesha.

Dukani Baba aligeuka mtu nisiyemjua. Alifungua bunduki moja baada ya nyingine, akazifunga polepole na kusikiliza chuma kinavyoshikana. Moja aliitikisa karibu na sikio, akairudisha, kwa sababu mtutu wake ulicheza kwenye mbao. Kisha akamwonyesha Bambo Mbewe namna ya kujua bunduki yako. Kitako unakiweka kwenye kiwiko, kidole kifike pa kufyatulia bila kujinyoosha. Halafu unafumba macho, unainua hadi begani, unafumbua. Ukikiona kile kishanga cha kulengea mbele yako bila kuzungusha shingo, basi ni ya kwako.

Baba alifanya hivyo na bunduki moja ya mitutu miwili, ya mbao nyekundu. Aliinua, akalaza shavu kwenye mbao, akabaki amefumba macho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi, ambaye alinishonea magauni yote ya sikukuu, sikuwahi kumwona akishika kitu namna ile. Nikaionea wivu hata bunduki.

"Hii njo ya kuaminika, patron," akasema.

Bambo Mbewe, mtu mfupi wa mikono minene na shingo nene, akaijaribu. "Fundi, naona kama ndefu."

"Utaizoea."

Nilishangaa kidogo. Neno hilo Baba hakuwa nalo. Koti likimbana mteja kwapani, alilifumua lote akaanza upya, hata kama mteja mwenyewe amesema basi.

Asubuhi ya kwenda kuwinda, Tate alisimama mlangoni na kikombe cha maji. Kwao mwindaji hakutoka nyumbani hivihivi. Kila mtu wa nyumba alisema kilichomkaa rohoni na kutema funda la maji nje.

"Nyumba ikikuwa na wivu, masasi inakosa ndege," alituambia. "Inarudi kumutafuta mwenye kuifyatua."

Yeye alitangulia, akasema ana hofu tu, akatema. Mimi nikasema, "Mi nasikia wivu ya Chikondi," nikatema kwa nguvu mpaka nikalowesha viatu. Baba alicheka. Zamu yake ilipofika alichukua funda lake, akalimeza, akasema alikuwa na kiu. Tate akamkaripia, lakini gari lilikuwa limeshafika.

Shambani mahindi yalikuwa yameshavunwa, na kanga walikuwa wakiokota punje kati ya mabua. Chikondi alibeba mfuko wa risasi, akatembea kando ya Baba. Wivu niliokuwa nimeutema ukarudi wote, na ndugu zake. Hapo Bambo Mbewe akafyatua. Kanga wakaruka wote wazima, na kitako kikampiga taya. Akafyatua tena, akakosa tena, na damu ikamtoka mdomoni.

"Kuna mtu ana kijicho hapa," akasema, akitema damu. Nikajua ananisema mimi, ingawa hakunitazama. Akamsukumia Baba bunduki. "Hebu jaribu wewe."

Baba aliinua mara moja, bila kujipanga. Ndege mmoja akaanguka kama aliyeitwa.

Tulirudi kambini na yule kanga, Bambo Mbewe akiwa na taya lililovimba. Tate alipopata habari alikataa kumnyonyoa ndege. Alinisimamisha palepale mlangoni.

"Furaha, we ulitema yote?"

"Nilitema, Tate."

"Mbona mwenye shamba ametoka damu? Roho ya wivu ikizoea mutoto, haitoki na maji tu. Kesho tunakupeleka kwa bantu ba maombi."

Nilianza kulia. Nilikuwa nimewaona watoto waliopelekwa maombi kambini kwa kuitwa wachawi. Walirudi, lakini wenzao hawakucheza nao tena, na mama za watu waliwaita watoto wao ndani walipowaona wakipita. Na ubaya wake ni kwamba niliamini ni mimi. Nilikuwa na wivu wa kutosha kuvunja mataya ya Nathenje nzima.

Baba akanyoosha mkono akachukua kikombe.

"Acha mutoto, Mama," akasema. "Si ye, njo mi." Akapiga funda. Akatema nje, akajifuta mdomo. "Nilipima mukono yake, na nikachagua bunduki ya mukono yangu."

Tate alikaa chini akaanza kunyonyoa kanga.

Baba alirudi Nathenje na msumeno alioazima. Alinipeleka mimi, na mimi ndiye niliyeshika ncha ya futi kwenye kiwiko cha Bambo Mbewe. Sikumtazama Chikondi hata mara moja. Nilitazama mkono wa Baba. Alikata kitako taratibu, akalainisha mbao kwa msasa, akampa. Bambo Mbewe akafumba macho, akainua, akafumbua, akatabasamu na taya lake bovu, akashukuru kwa lugha ya kwao. "Zikomo, fundi."

Kisha Baba akaomba ajaribu. Aliinua, na kidole gumba chake mwenyewe kikamgonga pua. Ilikuwa fupi mno kwake sasa. Akairudisha.

"Sasa iko ya kwako," akasema.

Tate alikufa akiamini damu ile ililetwa na funda lililomezwa, na sikuwahi kumbishia. Mimi nilidhani wivu ni wa wanaochukia. Baba hakumchukia Bambo Mbewe. Alitaka tu, kwa dakika chache dukani Lilongwe, kuwa mtu anayejinunulia bunduki. Leo mimi ndiye fundi, na binti yangu ndiye anayeshika ncha ya futi. Kile kipande cha mbao nyekundu alichokikata Baba kiko chini ya mguu mmoja wa cherehani yangu, kwa sababu sakafu ina bonde. Mteja akiniambia nguo inambana kidogo, nami nikataka kumwambia ataizoea, nakigusa kwa kidole cha mguu, halafu nafumua.