Siku Nilipojitangazia Kilio

Nikipita sokoni Kamembe bado kuna wanaonisalimu, "Marehemu, huko mbinguni wanasemaje?", nami nacheka nao, ila aibu yenyewe haijanitoka, basi wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi.

Mimi ndiye ninayeshughulikia blogu ya umoja wetu, sisi tuliokulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, tukarudi huku Rusizi (walinipa kazi hiyo kwa sababu nimestaafu, mke wangu amefariki, watoto wako Kigali, yaani "Papa Deo ana muda"). Sasa mtandao wa hapa mtaani kwangu, Gihundwe, unakatika ukiwa katikati ya sentensi na maneno yote yanapotea, kwa hiyo nikaweka kwenye kompyuta programu ambayo unaandikia humo humo bila mtandao, ukimaliza unabonyeza, na mtandao ukirudi tangazo linakwenda lenyewe kwenye blogu na kwenye simu za wanachama wote. Nikajaza anwani ya blogu, jina, neno la siri, ikakataa, nikajaza tena, ikakataa, mwishowe ikakubali na nikajiona fundi kweli kweli.

Ilibaki kujaribu. Lakini niandike nini? Sikuwa na habari yoyote, ndiyo taabu ya kukaa peke yako, siku inaisha na huna la kumwambia mtu. Nikaandika jina langu, chini yake Gihundwe, nikaweka picha yangu moja niliyovaa tai, nikabonyeza. Sehemu ya tangazo sikuchagua, wala sikujua kwamba usipochagua, programu inachukua ya kwanza kwenye orodha, na orodha yetu ni Kilio, yaani misiba, kisha Mikutano na Ndoa. Na kwetu jina, picha na mtaa chini ya Kilio havihitaji neno lingine.

Simu nikaizima, nikaiacha kwenye chaji, nikaenda kujinyoosha kidogo.

Nilichoamshwa nacho ni wimbo wa kanisani, tena karibu sana. Nikafungua mlango nikiwa na kaptula na singlendi, nikakuta uwanja umejaa watu, viti, kuni, na sufuria ile ile kubwa tuliyopikia kwenye kilio cha mke wangu. Wimbo ukakatika. Mbele alikuwa Maman Zawadi, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ameshika kiti chake.

"Papa Deo, uko muzima?"

"Niko muzima."

"Sasa nani alikufa?"

"Hakuna muntu alikufa, Maman. Nilikuwa najaribu programu."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mara Mzee Faustin, rafiki yangu wa zamani, akafika kwa pikipiki kutoka Bugarama, analia tangu barabarani, akanikumbatia na kuendelea kulia begani kwangu kabla hajatazama anamkumbatia nani.

Maman Zawadi akasema kuni za kilio hawezi kuzirudisha kwake, kwa hiyo zikawashwa, tukapika chai, watu wakakaa. Nyumba haikuwa na sauti nyingi hivyo tangu tumzike Maman Deo, na nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi hadi nikaona haya.

"Lakini Papa Deo," akaniuliza Maman Zawadi kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, "juu ya nini hausemake kama uko peke yako?"

"Ningeandika wapi? Blogu iko na kilio, mikutano na ndoa."

Wengine wakacheka tena. Yeye hakucheka. Chai ilipokwisha wakaondoka, karibu wote na viti vyao.

Nimeapa, sitajaribu tena chochote kwa sura yangu mwenyewe. Ila kesho yake niliongeza kwenye orodha sehemu inayoitwa Kutembeleana, nikaandika humo kwamba niko nyumbani na chai ipo, nikakagua sehemu kabla ya kubonyeza, na picha sikuweka. Walisoma wengi. Aliyekuja ni Maman Zawadi peke yake, kuchukua kiti alichokisahau. Kabla ya kukichukua, alikikalia.