Barua Niliyoisoma kwenye Mkahawa wa Mzee Salehe

Ipo Jumamosi moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ingawa nywele zangu sasa ni nyeupe. Ni siku niliyoingia kwa mara ya kwanza kwenye mkahawa wa Mzee Salehe.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa mwanafunzi wa ualimu Mbulu mjini. Nilitoka Gendabi, kwa wazazi wakulima, na Kiswahili nilikutana nacho shuleni. Wenzangu wengi bwenini walitoka mikoa mingine. Nikifungua mdomo wanaiga lafudhi yangu ya Kiiraqw na kuangua kicheko. Sidhani kama walikuwa na nia mbaya, lakini niliumia. Niliacha kujibu maswali darasani, na moyoni nilishaanza kupanga kurudi nyumbani nikalime.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani na sweta sikuwa nalo. Nilipopita nyuma ya soko nikasikia harufu ya kahawa ya tangawizi. Kulikuwa na chumba kidogo cha matofali ya udongo, mabenchi mawili, na birika juu ya jiko la mkaa. Nikasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, baridi ya huku haina huruma. Wewe ni wa chuoni?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi, mwalimu, tusomee gazeti. Macho yangu yamechoka."

Huyo ndiye Mzee Salehe. Alikuwa mtu wa Tabora, aliyeletwa na serikali kufanya kazi ya dresa, kufunga watu vidonda. Alipostaafu hakurudi kwao. Alisema amefunga vidonda vya watu wa Mbulu mpaka wamekuwa ndugu zake.

Nilisoma kwa kukwamakwama. Kati ya wateja walioketi benchini hakuna aliyecheka. Wasiponielewa walisema tu, "Hapo rudia, mwalimu." Kuniita mwalimu, mimi ambaye sijawahi kushika chaki! Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Taratibu ulimi wangu ukafunguka, hata darasani nikaanza kunyoosha mkono. Wakulima waliokuja sokoni wakawa wananiletea barua zao niwasomee. Na hapo, mwanangu, nikaanza kujiona.

Siku moja akaja Mzee Bura wa Tlawi, balozi wa nyumba kumi. Kiswahili cha sokoni alikijua, ila cha barua kilimshinda. Akanipa karatasi kutoka ofisi ya wilaya, nikaipitia kimoyomoyo. Iliandikwa hivi: "Zoezi la kuhamia kijiji kipya limeahirishwa. Wananchi wajulishwe mara moja."

Neno lile "limeahirishwa" sikuwa nimelisikia kabla. Nililitazama. Niliona linafanana na "limeharakishwa", na mbele yake kuna "mara moja". Mzee Salehe alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipoketi, anasuuza vikombe. Ningeweza kumuuliza. Lakini watu wote benchini walikuwa wananitazama mimi, msomi wao, na niliona aibu kusema sijui. Nikamgeukia Mzee Bura, nikamwambia kwa Kiiraqw, lugha ambayo Mzee Salehe hakuielewa vizuri, kwamba wanasema mhame haraka.

Mzee Bura akakunja barua yake polepole. "Haraka," akasema, "na mahindi bado machanga." Akanishukuru kwa mikono miwili, akaondoka.

Jumatatu mkufunzi wetu akaandika ubaoni: "Mtihani umeahirishwa." Darasa zima likashangilia. Nikamuuliza jirani yangu wanashangilia nini. "Wameusogeza mbele, bwana," akanijibu. "Hatufanyi wiki hii."

Basi barua ya Mzee Bura ilikuwa inasema wasihame kwa sasa.

Nilikimbia hadi kwa Mzee Salehe na kumweleza yote, machozi yakinitoka. Nilitegemea atanituliza, kwa sababu alinipenda. Hakunituliza. Aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Ulilijua lile neno?"

"Hapana, mzee."

"Nami nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapo hapo."

"Mimi nimefunga vidonda miaka mingi," akasema. "Dawa nisiyoijua sikumpaka mtu hata siku moja, nilimwita daktari. Wewe umempaka Mzee Bura dawa usiyoijua, kwa kuogopa macho ya watu wa benchini. Nenda kwa mkuu wa chuo ukaombe ruhusa, na umwambie sababu ya kweli. Halafu tunakwenda Tlawi."

Nikamwambia naweza kwenda peke yangu. Akazima jiko, akafunga mlango. "Barua ilisomwa kwangu," akasema, na hakuongeza neno.

Tulipanda vilima vya Tlawi mchana huo, mzee wa watu akihema. Tulipofika, nyasi za upande mmoja wa paa la Mzee Bura zilikuwa zimerundikwa uani. Majirani wawili nao walishaanza kuezua mapaa yao ili wahame nayo. Mama wa nyumba alikuwa shambani na binti zake, wanang'oa maharage mabichi ili angalau wapate cha kubeba. Na mawingu yalikuwa yanajikusanya.

Nilimwamkia Mzee Bura, nikapiga magoti. Nikamwambia nilidanganya, kwamba neno sikulijua, na kwamba hakuna anayewahamisha kwa sasa. Majirani walisogea. Mmoja akasema kwa hasira kijana huyu apelekwe mbele ya wazee wote. Mzee Bura akainua mkono.

"Angeweza kukaa chuoni kimya," akasema. "Sisi tungejuaje? Amekuja kwa miguu yake. Apande juu ya paa."

Nikapanda. Mzee Salehe alikaa chini akifunga matita ya nyasi na kunirushia, na wale majirani, hata yule mwenye hasira, wakasaidia. Tulimaliza nyumba ya Mzee Bura mvua ikiwa inaanza kudondoka. Kesho yake tukamaliza mbili zilizobaki. Maharage hayakurudi ardhini, mwanangu. Sehemu ile ya shamba ilipotea, na mama yule alinipa maziwa na ugali bila kuniambia neno baya hata moja. Maziwa yale yaliniuma kuliko tusi.

Jumamosi iliyofuata nilitaka kujificha bwenini. Nikajilazimisha kwenda mkahawani. Mzee Salehe akanipa gazeti kama kawaida. Katikati ya habari nikakutana na neno gumu. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Hili silijui." Akaja, akalitazama, akacheka. "Hata mimi silijui. Tutamuuliza karani akija."

Nimefundisha Gitting na kwingineko hadi nikastaafu. Nimewaambia watoto mbele ya darasa kwamba jambo hili silijui, nitaliuliza, kesho nitawaletea jibu. Heshima yao kwangu haikupungua. Hilo nililipata kwa mtu wa Tabora asiye ndugu yangu, aliyefunga biashara yake akapanda vilima kwa kosa langu, na kwa mzee wa Tlawi aliyenipa nafasi ya kutengeneza nilichoharibu. Wote wawili wametangulia. Bado nawashukuru kila niombapo.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Watu wakikuamini, usitumie imani yao kuficha usichokijua. Sema sijui mapema, wakati bado ni neno tu na halijabomoa nyumba ya mtu. Ukikosea, nenda mwenyewe kwa uliyemkosea kabla hajakutafuta, na uende tayari kufanya kazi. Na popote utakapopangiwa kazi, tafuta mahali watu wanapokuruhusu kurudia neno bila kukucheka. Ukipapata, pashike.

Mungu akutangulie huko uendako. Mvua ikunyeshee kwa wakati wake, maziwa yasikauke nyumbani kwako, na usikose mtu wa kukwambia ukweli huku akitembea pamoja nawe.