Kimya cha Sebuleni kwa Verlene

Ukitaka kukosana na Verlene Stidham, mpishi mstaafu wa shule, zungumza wakati mtu anaimba sebuleni kwake. Atakukodolea macho mpaka utamani ardhi ipasuke. Kwa miaka kumi na mmoja, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri, watu thelathini hivi wa mji ule mdogo wa milima ya Kentucky walijibana humo na mabakuli yao ya maharagwe na mikate ya mahindi, kumsikiliza mtunzi mmoja na gitaa lake, bila kipaza sauti. Mumewe Orrin, aliyechimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakagoma, ndiye aliyeleta viti vya kukunja kutoka kanisani. Na kabla ya wimbo wa kwanza Verlene alichomoa friji, isije ikaunguruma katikati ya ubeti.

Watunzi hao, kila mwezi mwingine kutoka mbali, walilala chumbani kwa Wade, mtoto wao wa pekee, aliyekutwa amekufa ndani ya gari lake kando ya mto, majira ya baridi miaka minne iliyopita. Vidonge vya kulevya vilikuwa vimemla kijana wa watu akabaki mifupa. Orrin hakuacha kuomboleza, na neno lake lilikuwa moja, lilelile kila siku: laiti angekuja nyumbani tu.

Basi, alikuja. Orrin alikuwa amelazwa hospitalini wiki ile kabla ya kifo. Wade alibisha asubuhi, theluji ikianguka, na mama yake, ambaye alikwisha kuibiwa naye hadi pete ya ndoa, alisimama nyuma ya mlango na soksi miguuni, asifungue. Siku mbili baadaye wakaletewa habari. Orrin alipouliza, akamwambia Wade hakuonekana kabisa. Aibu, jamani, inamfunga mtu mdomo.

Aliyeambiwa ukweli ni mmoja tu, mwimbaji Cullen Pratt, masika ya mwaka juzi, mezani asubuhi. Aliuliza viatu vilivyo chini ya kitanda ni vya nani, na Verlene, ambaye hakuwa ameulizwa na mtu miaka yote hiyo, akamwaga yote mayai yakipoa sahanini. Alijisikia mwepesi wiki nzima. Lakini mama wewe, kati ya watu wote wa dunia hii, siri unampa mtunzi wa nyimbo?

Jumapili moja majuzi Cullen alirudi. Verlene alimwokea pai ya matufaha. Orrin alikaa ngazini, pahali pake pa siku zote. Baada ya nyimbo mbili Cullen alisema wa tatu ni mpya, alipewa na mwanamke mmoja jikoni kwake, jina hatalitaja, kisha akainamisha kichwa. Maskini, alidhani anamuenzi.

Akamwimba mama aliyesimama na soksi nyuma ya mlango. Verlene akajipa moyo kwamba akina mama ni wengi. Ndipo ukaja ubeti wa mbwa mzee aliyemjua anayebisha, akaukwangua mlango kwa ndani mpaka rangi ikabanduka. Orrin aligeuka akautazama mlango. Yeye ndiye aliyeupaka rangi upya mwaka ule, huku akiuliza mbwa wao kapatwa na nini, na Verlene akamjibu labda kaona kindi.

Angeweza kukohoa, au kuangusha sahani. Lakini alikuwa amewafundisha watu kunyamaza humo miaka kumi na mmoja, na yeye akanyamaza, ubeti baada ya ubeti, hadi mwisho. Watu walifuta machozi, wakapiga makofi.

Walipotawanyika, Cullen, aliyekwisha kuuona uso wa Orrin, alifunga gitaa lake akaondoka bila kuigusa pai. Orrin alikunja viti kimoja kimoja.

"Alibisha mara ngapi?" aliuliza, bila kumtazama mkewe.

"Saba."

Orrin akabeba viti, akaenda navyo kanisani. Verlene alikaa jikoni, friji bado imechomolewa, akisikiliza. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima. Kisha mlango ukabishwa. Orrin alikuwa na ufunguo, na mlango wenyewe haukuwa umefungwa. Verlene alikimbia, akajikwaa kwenye zulia, akaufungua kabla ya pigo la pili.

Orrin alisimama pale, kofia mkononi.

"Kumbe unajua kufungua," alisema, akampita kwenda chumbani kwa Wade.