Nilikwenda Indonesia kulima mwani, nikajificha ndani siku tatu

Wakuu, salamu kutoka Yeoville, Johannesburg, ambako leo umeme upo na mimi sina kisingizio cha kutoandika.

Kuna mkuu aliuliza humu kama inafaa kwenda kuishi na kuwekeza kwenye vijiji vya pwani kule Indonesia. Nimekwenda. Nimewekeza. Nitakayosimulia ni kweli, na pale ninapoonekana mjinga ndipo pa kweli zaidi.

Mimi ni mtu wa Tanga, mwalimu wa chuo pale Braamfontein, umri wa kumiliki miwani jozi mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kuitafutia ya kwanza. Mke wangu Espérance ni Mrundi, fundi cherehani. Alikimbia kwao akiwa binti, akapita kambi mbili kabla ya kufika hapa.

Mwaka 2008, wageni walipoanza kupigwa na kufukuzwa, Espérance alitia karatasi zetu zote kwenye mkoba wa kahawia, akauweka nyuma ya mlango. Vibali, vyeti, barua za ukimbizi, hadi picha ya harusi.

Fujo zikaisha. Mkoba haukuondoka. Kila nikifagia nausogeza, nafagia, naurudisha.

Tuliishi kwa kuinamisha vichwa. Hatusalimii, hatusalimiwi. Mwenye spaza, kiduka cha kona, alianza kuniita Sipho, jina la Kizulu, nikaona ni dharau, nikawa nanunua mkate mtaa wa pili.

Basi jueni kwamba yote niliyofanya baada ya hapo yalitafuta kitu kimoja: mahali ambapo mke wangu angeufungua ule mkoba.

Mwaka 2011 nikapata likizo ndefu. Mwenzangu wa chuoni, Mwindonesia, alikuwa amenisimulia sana kijiji cha kwao pwani ya Sulawesi, ambako watu wanalima mwani. Mwani! Nimekua nikiwaona akina mama wakiufunga kwenye kamba. Nikajiona mtaalamu. Kumwona mtu akilima na kulima ni vitu viwili, lakini hilo digrii tatu hazikunifundisha.

Ndege mbili, basi, kisha pikipiki, na mkoba mapajani mwa Espérance safari nzima. Tulipofika aliuweka nyuma ya mlango wa chumba alichotupangisha Ibu Hasna, mjane mwenye nyumba ya mbao iliyosimama juu ya nguzo. Ibu kwao ni Mama.

Akiba yangu ilikuwa imetutangulia kupitia yule mwenzangu, ikageuzwa vifaa. Kamba, maboya ya chupa za plastiki, na mbegu, ambayo ni vipande vibichi vya mwani wenyewe, vyote vimerundikwa chini ya nyumba vikingoja mikono.

Kwenye njia ya kuingilia kijijini kulikuwa na kibao. Nikatoa kamusi. Kilisema mgeni aripoti kwa mkuu wa mtaa ndani ya saa ishirini na nne.

Wakuu, mtu aliyeishi Joburg kwa kibali akisikia neno kuripoti, miguu hufikiri kabla ya kichwa.

"Mwalimu," Espérance akaniambia, "mimi nimeandikishwa vya kutosha katika maisha haya. Sitaki tena."

Nikamwambia viza tunazo, tutulie tu, nani atatuona? Watu weusi wawili katika kijiji cha Sulawesi, na tukaamini kabisa kwamba hatutaonekana.

Siku tatu hatukutoka. Watoto walikuja kuchungulia, mama zao wakawavuta. Ibu Hasna alituletea wali na samaki bila kututazama usoni. Hakuna aliyekuja kufunga mwani. Nikasema moyoni, kumbe hata huku wanatubagua.

Mbegu ya mwani haisubiri. Siku ya pili ililegea. Siku ya tatu ilinuka mpaka kuku wa Ibu Hasna wakahamia kwa jirani.

Asubuhi ya nne mkuu wa mtaa alikuja mwenyewe. Mtu wa makamo, kaptula na kandambili, daftari la shule kwapani. Kwa Watanzania: balozi wa nyumba kumi kabisa, kasoro kofia ya chama. Alikuja na binti wa Ibu Hasna, mwalimu wa Kiingereza, amtafsirie.

Espérance hakungoja kuulizwa. Aliuleta mkoba, akapiga magoti, akazipanga karatasi mkekani moja moja. Yule bwana alizitazama zote kwa adabu, asiguse hata moja. Akafungua daftari lake.

Alikuwa na maswali matatu. Majina yetu nani. Kuna chakula gani tusichokula. La tatu binti alilitafsiri polepole.

"Anauliza, mkiugua mkiwa hapa, tumwambie nani?"

Espérance akainama. Nilidhani anatafuta karatasi nyingine. Kumbe analia. Baadaye aliniambia kwamba ofisi zote alizopita zilimuuliza katoka wapi na ataondoka lini. Swali lile hakuwahi kuulizwa.

Ndipo binti akatueleza. Kwao mgeni ndiye huanza. Asiyejitambulisha huachwa apumzike, kwa sababu huenda hataki watu. Mama yake alikuwa hapati usingizi kwa aibu: ana wageni ndani na hawezi kuwaita majirani.

Kesho yake walikuja wanawake saba, na mbegu mpya waliyoikata kwenye kamba zao wenyewe. Wakakaa chini ya nyumba, wakafunga. Espérance kwa vidole vya fundi alimaliza kamba mbili wao wakiwa kwenye moja, wakamwita Mama Mashine. Mafundo yangu mimi bahari iliyafungua siku ileile. Nikahamishiwa kwenye kazi ya kuchemsha kahawa.

Tulikaa miezi mitano. Uwekezaji? Tulivuna mara mbili, halafu ugonjwa ukaingia, mwani ukapauka na kukatika wote. Na sheria yao haimruhusu mgeni kumiliki ardhi, kwa hiyo atakayekuuzia kiwanja cha ufukweni kwa jina la shemeji yake, mpishe apite.

Hata hivyo mimi nilitaka tubaki. Espérance ndiye aliyekataa.

"Turudi nyumbani, Mwalimu," alisema. "Kuna mtu hatujamsalimia."

Chini ya ghorofa yetu Yeoville, karibu na geti, anaishi bibi wa Kizulu ambaye jengo zima linamwita Gogo, yaani bibi. Espérance alikaanga mandazi, akanunua daftari, akabisha. Mimi nyuma yake, nimeshika sahani.

Gogo alitutazama juu ya miwani. "Eish," alisema kwa Kiingereza chake. "Miaka sita tangu mhamie, nasubiri mbishe."

Akatukalisha, akatusimulia. Mwaka 2008 vijana walifika getini wakiuliza wageni wako wapi. Akawaambia juu wanaishi wanawe. Wakamuuliza majina.

"Sikuwa na majina yenu. Nikatunga. Sipho na Nomsa. Mpaka mwenye spaza nilimwambia hivyohivyo, asije akaniumbua."

Nikala andazi nililomletea yeye.

Espérance aliandika majina yetu ya kweli kwa herufi kubwa, akachana ukurasa, akampa. Kisha akauliza, "Na wewe Gogo, ukiugua, tumwambie nani?"

Bibi akataja jina la binti yake aliyeko Durban, akalirudia ili liandikwe vizuri.

Jioni ile mke wangu alitoa picha ya harusi mkobani, akaniambia nilete nyundo. Nilipasua plasta. Picha imekaa upande hadi leo. Mkoba bado uko nyuma ya mlango, hapa ni Joburg na karatasi ni karatasi, ila nikifagia nausikia umepungua uzito.

Sisemi waliofukuzwa walifukuzwa kwa kutosalimia. Hasha. Rungu halijali salamu. Nasema la kwangu tu: Mswahili mzima, niliyezaliwa kwenye hodi, nilipanda ndege mbili kwenda kufundishwa hodi.

Maswali ya mwani nitajibu yote, hata ya kunicheka. Ila kabla hujauliza, mkuu, andika kwanza jina la jirani yako wa chini. Kama hulijui, nenda kabishe. Uzi utakusubiri.