Nilinyoosha bomba la mvuke Diani, nusura ninyimwe mchumba

Wakuu, habari za mchana. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mashahidi wamo humu humu jukwaani, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya siwezi.

Mimi ni fundi wa welding hapa Ukunda. Mwaka jana nilipata kazi kwenye laundry ya hoteli moja Diani, kubadilisha bomba linalotoa mvuke kwenye boila hadi mashine za kupiga pasi mashuka.

Sasa sikieni. Msimamizi wa laundry ni Bi Mwanakombo, na nilikuwa nimepeleka posa kwa binti yake. Jibu bado. Mnaelewa presha.

Bomba la zamani lilikuwa chuma cha kawaida, limeliwa na kutu. Huku pwani hewa ya chumvi haina huruma, na dawa yetu ya kila kitu ni stainless, chuma kisichoshika kutu. Nikaweka stainless.

Lile la zamani lilikuwa limepindwa katikati kama fremu ya mlango. Nikaona ushamba. Nikalinyoosha jipya ukuta hadi ukuta na kulikaza kwa vibano. Lilipendeza, hata picha nikapiga.

Wiki ya tatu likapasuka kwenye welding, karibu na ukuta. Alhamdulillahi halikumchoma mtu. Nikachomelea upya. Likapasuka tena pale pale, mashuka ya wageni yamejaa sakafuni.

"Shikamoo mama," nikamwambia Bi Mwanakombo, macho chini.

"Marahaba. Ile kona umeipeleka wapi?"

"Niliitoa, mama. Niliona haina kazi."

"Haina kazi? Kila asubuhi boila ikiwashwa, kona ile yajisogeza. Naiona kwa macho yangu."

Aibu niliyoona siwafichi. Nikaziba ufa, nikalegeza vibano, nikachora alama ya chaki, tukawasha boila. Bomba likarefuka upana wa vidole viwili! Kumbe stainless ikipata moto hurefuka kuliko chuma cha kawaida, kona ndiyo humeza urefu ule, nami nilikuwa nimeifungia njia zote.

Nikarudisha kona, kubwa kuliko ya mwanzo, na vibano vya kuliacha bomba liteleze. Hadi leo kimya.

Nilijua posa imekwenda na maji. Ijumaa jibu la Bi Mwanakombo likaja: "Mwambieni fundi, binti nimempa. Lakini kwenye nyumba yao wawili asikate kitu kabla hajauliza kilikuwa cha kazi gani."

Somo langu ndilo hilo hilo.

Mafundi wa Msambweni na Kinango, nani mwingine ameshakata kona? Comments ruhusa, ila adabu tafadhali, mama mkwe yumo humu.