Uchungu Kwanza, Harufu Nyuma

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka ya nyumba yetu ya mtaa wa Mangobo si ya samaki wala ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, bali ya hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayoitia bia uchungu. Yalinukia kama majani yaliyokatwa sasa hivi, na ganda la chungwa kwa mbali. Papa alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia hadi walipopunguza watu, na siku ya kuagana rafiki yake wa ghalani alimpa mfuko mzima wa hopsi. Akarudi nao begani kama mtu aliyezawadiwa mbuzi. Msimu ule akaamua kupika bia yake mwenyewe uani. Mama hakupinga, ila aliweka sharti: bia isipopata wanywaji, papa angepanda boti kwenda Barumbu, mbali chini ya mto, kwa ndugu yake, tonton Bosco, kufanya biashara ya samaki wa moshi. Sikutaka aende. Kila jioni nilimwomba Mungu awape watu wa Mangobo kiu.

Kimea tulikitengeneza kwa mahindi, tukiyalowesha hadi yachipue, kisha tukiyaanika na kuyatwanga. Maji yake yalipochemka kwenye sufuria kubwa, papa alitia hopsi mara mbili. Nyingi zilitangulia, zichemke muda mrefu zitoe uchungu, kwa sababu uchungu ndio unaoilinda bia isiharibike. Chache zilingoja mwisho kabisa, sufuria ikikaribia kuepuliwa, kwa sababu harufu haivumilii moto. "Bon, uchungu kwanza, harufu nyuma," alikuwa akisema, kisha ananikabidhi kopo la maziwa lenye zile za mwisho. "Mutoto, hii usipatie mutu." Nililala nalo. Akiba haiozi, waliosema hivyo walisema kweli, lakini bia inaoza.

Bia ya kwanza majirani waliipenda, walirudi na vikombe vyao, lakini umeme ulikatika mno, friji haikuipoza, na nusu yake ikageuka siki. Ya pili vilevile. Papa alikonda, macho mekundu kwa moshi, na usiku nilimsikia akigeuka kitandani. Siku ya sufuria ya mwisho, hopsi za mfuko zikiisha, kabla haijatokota vizuri, alininyooshea mkono.

"Leta kopo."

"Papa, bado."

"Leta tu. Harufu hailindi masanga, hailindi bia. Donc, yote iingie sasa."

Mama aliacha kuchochea moto akamtazama. Nikampa kopo. Harufu ikapanda uani, nzuri kuliko siku zote, hata majirani wakachungulia, kisha ikaondoka na mvuke. Tulisimama sisi watatu tukiinusa ikienda.

Bia ile haikuharibika kamwe. Haikunyweka pia. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: papa alizunguka nayo mlango kwa mlango, hadi jirani yetu Mama Feza, mteja wake wa kwanza, alipomrudishia kikombe. "Papa Lina, iko chungu sawa dawa ya kinini. Ile ya kwanza ilikuwa na harufu, mutu alikunywa na furaha." Papa alimshukuru. Wiki ile ile alipanda boti, na kopo langu akalichukua la kuwekea chumvi. Utoto wangu wote uliobaki ulipita yeye akiwa Barumbu, nami nilimkasirikia kwa lile kopo kuliko nilivyomkasirikia kwa kuondoka.

Siku hizi anaishi kwangu, mzee, na kopo lake linanuka samaki. Mimi naondoka nyumbani alfajiri. Ofisini na njiani natoa kila nilicho nacho, nguvu, subira na hata vichekesho, kwa hofu kwamba nikilegea tu siku itaniharibikia. Haiharibiki. Lakini jioni mwanangu akinisogelea na hadithi zake za shule, sina kilichobaki cha kumpa, na naona aibu. Hasira yangu kwa papa ilikwisha hapo. Mtu aliyechoka na anayeogopa hawezi kushika kopo hadi mwisho.

Juzi, nikiwa mlangoni navua viatu, nilimsikia mtoto akimwuliza babu yake kwa nini mama hana maneno jioni. Papa alimvuta karibu.

"Mama yako iko muzuri," akamwambia. "Ni vile tu alitia yote mapema, sawa mimi."