Sindano ya Punda wa Mama Sadoki

Tabita, ambaye sisi majirani tunamwita Mama Sadoki, haamini mtu. Akinunua betri za tochi, anazijaribu palepale mbele ya muuzaji. Hapa Ivuna anachemsha chumvi, na kuni zote zilikuwa zikibebwa na punda wake mmoja jike. Bila punda yule hakuna moto, na bila moto hakuna chumvi.

Mwaka jana alikuja mtaalamu wa mifugo, dada anayeitwa Fides, na kiboksi chake cha barafu, kuchanja punda dhidi ya pepopunda. Wengine tulipanga foleni. Mama Sadoki alisimama mlangoni pa zizi lake, mikono kiunoni.

"Mwanangu, hiyo pepopunda naijua. Nilichomwa kliniki nikiwa na mimba ya Sadoki. Tunachomwa sisi watu, tusiambukizwe. Punda si ndiye mwenye pepo lake? Sasa mnamkinga na la kwake mwenyewe?"

"Hapana, mama. Hilo ni jina tu. Ugonjwa unaingilia kwenye kidonda, kiwe cha mtu au cha punda."

"Jina tu!" Akanigeukia. "Umesikia? Hawa wametumwa na wanunuzi wa ngozi. Wanawadunga, wanakufa, kesho wanarudi na visu."

Nilimcheka. Halafu, naona aibu kusema, nikamtoa punda wangu kwenye foleni.

Miezi mitatu baadaye punda wa Mama Sadoki alikanyaga msumari. Mama akampaka majivu kwenye kidonda, akaendelea kumbebesha kuni. Siku ya kumi mnyama akakakamaa: miguu mikavu, masikio yamesimama, taya zimefunga hata maji hayapiti. Alikufa baada ya siku tatu. Mama Sadoki alilia kama aliyefiwa na ndugu, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Nilimpigia Fides simu mimi mwenyewe. Alianza na wangu. Kisha tukaenda kwa Mama Sadoki, tukamkuta amemkumbatia shingoni mtoto wa yule punda, wa mwaka mmoja na kitu. Aliiomba chupa ya dawa. Akaitazama juani, akanusa kifuniko, akauliza imetoka wapi, akauliza tena.

"Mama, sasa unaniamini?" Fides alimwuliza taratibu.

"Hata sasa sikuamini," alijibu, machozi yakimtoka. "Ila sina punda mwingine. Choma."